Chakula cha kumbi za mapumziko viwanjani kinazidi kushuka, na sababu haiko jikoni

Mtoa mada, Arusha

Habari za jioni wakuu. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, na tangu mwaka 2009, ukiondoa ile miaka ya korona, nimekuwa nikienda Berlin kila Machi kwenye maonesho ya utalii ya ITB. Njiani hubadilisha ndege katika kiwanja kimoja kikubwa ambacho sitakitaja, na hapo huingia katika ukumbi wa mapumziko, ile tunayoiita launji, kwa kadi yangu ya msafiri wa mara kwa mara. Nina daftari dogo ambamo huandika nilichokula na nilichokunywa katika kila ukumbi, si kwa ulafi, bali kwa sababu wageni wangu wengi ni watu wazima wanaopanda ndege mbili au tatu hadi kufika KIA, kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, nao huniuliza watapata wapi chakula cha maana wakati wa kurudi kwao.

Juzi nililipekua daftari hilo kutoka mwanzo. Machi 2011 nimeandika: supu ya dengu, samaki wa kuoka, wali wa zafarani, matunda ya aina tano, mpishi anakaanga mayai mbele ya mtu, kahawa inaletwa mezani. Machi 2019, ukumbi uleule: supu, kuku wa mchuzi, wali, matunda ya aina tatu, kahawa unajitilia mwenyewe mashineni. Safari yangu ya mwisho nimeandika mstari mmoja tu: tambi, sambusa, mkate, tufaha.

Mstari huo mfupi unahitaji maelezo. Nilipofunua beseni la sambusa, mvuke uliokuwa umejikusanya chini ya kifuniko ulidondoka kwa matone makubwa juu ya sambusa tatu zilizobaki, zikiwa zimelegea kama bahasha iliyonyeshewa. Tambi zilikuwa zimeshikana kiasi kwamba nilipoinua kijiko ziliinuka zote kwa pamoja, zikiwa na umbo la beseni. Mashine ya kahawa ilikuwa imebandikwa karatasi ya kuomba radhi, na pembeni yake kulikuwa na birika la umeme na pakiti za kahawa ya unga. Divai, ambayo zamani ilikuwa mezani, imehamishiwa nyuma ya kaunta, na juisi ni ile ya boksi iliyoongezwa maji hadi rangi yake ikapauka. Mimi ambaye kila asubuhi hupita kando ya mashamba ya kahawa nikienda ofisini, nilikunywa ile ya pakiti kwa kijiti cha mbao nikajiuliza imekuwaje tukafika hapa.

Nimeuliza watu wa mashirika ya ndege ninaofanya nao kazi, nimesoma, na nimefikia maoni ambayo naomba tuyajadili. Wengi husema wapishi wamekuwa wavivu, au mashirika yamekuwa mabahili. Mimi naona kiini ni kwamba anayekula katika ukumbi ule si yule anayelipa, na anayelipa hali chakula hicho.

Ukumbi wa kwanza wa aina hii ulifunguliwa na shirika la American Airlines mwaka 1939 katika kiwanja cha LaGuardia, New York, ukaitwa Admirals Club, na mwanzoni mtu aliingia kwa kualikwa tu. Shirika lilikuwa likimkirimu mteja wake kama sisi tunavyomkirimu mgeni: chakula kikiwa kibaya, aibu ni ya mwenye nyumba. Mwaka 1992 ukaanzishwa mpango wa Priority Pass, ambao humwezesha mtu kuingia kumbi za viwanja vingi bila kujali amepanda ndege ya nani, kisha benki na kampuni za kadi zikaanza kugawa haki hiyo kwa wateja wao. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Mwendeshaji wa ukumbi, ambaye mara nyingi si shirika la ndege bali ni kampuni iliyoshinda zabuni, analipwa kiasi fulani kwa kila kichwa kinachopita mlangoni. Tuseme analipwa dola 20 kwa kila abiria, kwa mfano tu. Ukila sambusa nzuri, analipwa 20. Ukila sambusa iliyolowa, analipwa 20. Ukikaa bila kula chochote, analipwa 20 na anafurahi zaidi. Kila shilingi anayoongeza katika nyama ya sambusa inatoka mfukoni mwake, na hakuna mahali inaporudi.

Ongeza na wingi wa watu. Nchini Marekani msongamano umefikia mahali ambapo tangu Juni 2022 shirika la Delta halimruhusu abiria kuingia zaidi ya saa tatu kabla ya ndege yake, na tangu tarehe 1 Februari 2025 hata wenye kadi zake za gharama kubwa za American Express wamewekewa kikomo cha idadi ya siku za kuingia kwa mwaka, isipokuwa watumie fedha nyingi mno kwenye kadi hiyo. American Express nayo, tangu Februari 2023, inawatoza wateja wengi wanaotaka kuingia na wageni wao katika kumbi zake za Marekani. Haya ni mambo ya watu ambao zamani walitangaziwa kwamba wanapewa utulivu.

Kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda kuliona. Chakula kizuri hakikufa, kilihama mlango. Shirika la United lilifungua ukumbi wake wa Polaris mjini Chicago mwaka 2016 kwa abiria wa daraja la biashara wa safari ndefu tu, na Delta wakafungua wa kwao wa Delta One katika kiwanja cha JFK mwezi Juni 2024. Katika kiwanja cha Schiphol, Amsterdam, ambako wageni wangu wengi wa Kiholanzi huanzia safari, ukumbi wa shirika la KLM ulipokarabatiwa uliwekewa ndani yake mgahawa wa kulipia. Kwa hiyo mtu yuko ndani ya ukumbi, amekaribishwa, halafu anaona ndani ya ukumbi kuna mlango mwingine ambako watu wanakula kwa uma na kisu. Mwenye kadi kama yangu anabaki upande wa tambi.

Naomba michango yenu, hasa ya wale walio jikoni.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Ndugu mtoa mada, kwa heshima zote, sisi wengine tunasubiri ndege tukiwa kwenye viti vya chuma vya nje ya ukumbi huo na hatujawahi kuona hilo beseni likifunuliwa. Kula nyumbani kwako kabla ya kutoka, jambo litakuwa limekwisha.

Mtoa mada, Arusha

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki, wala sidai kwamba hii ni dhiki ya kulinganishwa na dhiki nyingine. Lakini fikiria safari yenyewe kutoka hapa mjini. KIA iko karibu nusu ya njia kati ya Arusha na Moshi, ndani ya Wilaya ya Hai, takribani kilomita 50 kutoka hapa tulipo. Mgeni anayetakiwa kufika saa tatu kabla ya ndege anaondoka hotelini saa nne au tano kabla, kwa sababu ya foleni ya Tengeru na Usa River, na chakula chake cha mwisho alikila kabla hata ya hapo. Akiwa ameshuka kutoka Serengeti siku hiyohiyo, amekula boksi la mchana lenye yai na paja la kuku saa sita. Mgeni wa namna hiyo akifunguliwa mlango wa ukumbi ana njaa ya kweli. Vilevile si wote walioingia kwa utajiri: wengine wamelipia mlangoni kwa sababu wana mtoto mchanga au miguu imevimba.

Mchangiaji, Moshi (mfanyakazi wa benki)

Napenda kuongezea upande wa kadi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kadi za daraja la juu za Visa na Mastercard ambazo benki mbalimbali hapa nchini zinatoa, mara nyingi huja na haki ya kuingia kumbi za viwanja vya ndege mara kadhaa kwa mwaka. Mteja anapopitisha kadi yake mlangoni, ankara inakuja kwa benki au kwa mtandao wa kadi baadaye, wala haielezi alikula nini. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona safu ya taarifa inayoonyesha ubora wa chakula. Tunachoulizwa na wakubwa wetu ni mambo mawili tu, kwamba mteja aliingia au alikataliwa. Akikataliwa kwa sababu ukumbi umejaa, analalamika kwetu kwa simu na tunapata shida. Akila tambi zilizoshikana, analalamika kwa mke wake.

Kwa hiyo mtoa mada yuko sahihi kuhusu mlipaji, ila nitamsahihisha kidogo: mteja naye analipa, kwa njia ya ada ya mwaka ya kadi, lakini analipa mbali sana na beseni kiasi kwamba hasira yake haifiki jikoni. Na kwa viwanja vyenye ukubwa kama wa KIA, shirika linaloleta ndege moja kwa siku haliwezi kujenga ukumbi wake, hivyo mashirika kadhaa hutumia ukumbi mmoja. Hakuna hata moja kati yao linaloona kwamba chakula kile kinabeba jina lake.

Mchangiaji, Moshi (mama wa upishi)

Kaka mtoa mada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu zangu. Napika chakula cha harusi, semina na misiba hapa Moshi, na miaka ya nyuma nilifanya kazi katika jiko lililokuwa likipeleka chakula kiwanja cha ndege. Sitasema ni kipi.

Watu wanadhani katika launji kuna jiko. Mara nyingi hakuna. Chakula kinapikwa nje ya eneo la ukaguzi, kinapakiwa, kinakaguliwa, kinasukumwa kwenye vitoroli, na kikifika kule kinapashwa tu na kuwekwa juu ya maji ya moto. Kutoka kwenye sufuria yangu hadi kwenye sahani ya abiria zinaweza kupita saa mbili au tatu, na ndege ikichelewa ni zaidi. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, kwa sababu chini ya hapo vijidudu vinazaliana, kwa hiyo kinaendelea kuchemka polepole mchana kutwa. Sasa jiulize ni chakula gani kinavumilia hali hiyo.

Sambusa haivumilii. Sambusa ina nusu saa ya uhai baada ya kutoka kwenye mafuta, na ukiifunika umeiua, kwa sababu mvuke wa nyama yake mwenyewe unaigeukia. Sambusa inatakiwa ikae wazi, kwenye waya, chini yake pawe na hewa. Chipsi ndiyo usiseme. Mayai ya kukoroga yakikaa kwenye moto yanageuka rangi ya kijani na kutoa maji. Samaki anakauka. Ndiyo maana wanakwenda kwenye tambi, na tambi zenyewe wanazikosea, kwa kuwa tambi zinatakiwa zitolewe zikiwa bado na kiini kigumu na zichanganywe na mafuta kabla hazijapoa. Zikiivia jikoni, zitaendelea kuivia njiani, na mwisho utaziinua zote kwa kijiko kimoja kama ulivyosema. Hilo siyo suala la fedha, kaka. Ni kwamba aliyeandika orodha ya vyakula hajawahi kusimama mbele ya beseni saa tisa usiku.

Kilichoharibu zaidi ni korona. Kumbi zilifungwa mwaka 2020, na zilipofunguliwa, bufee nyingi zilikuwa zimeondolewa. Chakula kikawa kinawekwa kwenye vikopo vilivyofungwa, au unaagiza kwa simu na kuletewa. Wenye mikataba wakagundua kwamba abiria anayeletewa anakula kidogo kuliko anayejipakulia, na mpishi wa mayai si lazima arudi. Wengi hawakurudi.

Mtoa mada, Arusha

Dada, nakushukuru sana, na shikamoo yako nitaipokea kwa kuwa nina miaka 58. Umenionyesha kosa langu: nilidhani sambusa ile ilikuwa ya jana, kumbe huenda ilikuwa ya asubuhi ileile na ikauawa na kifuniko.

Mchango wako umenirudisha kwenye daftari, nikatafuta kumbi ambazo sijawahi kuziandikia vibaya. Nimegundua zinafanana kwa jambo moja. Addis Ababa, katika ukumbi wa Ethiopian, kuna injera, mkate wao mwembamba wa chachu, na kahawa inaandaliwa kwa desturi yao na mama aliyekaa na jebena yake, ule mtungi mweusi wa udongo, pamoja na vikombe vidogo visivyo na mkono. Istanbul, katika ukumbi wa Turkish Airlines, wapishi wanasukuma unga na kuoka pide, mkate wao bapa, mbele yako. Hong Kong, Cathay Pacific wana kaunta ya supu ya tambi inayotengenezwa bakuli kwa bakuli. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye malighafi ya gharama: ni unga, maji, mchuzi na kahawa. Lakini kila kimoja ni chakula ambacho mpishi wake alikula utotoni na anajua kikiharibika kinafananaje, na kila kimoja kinamalizikia mbele ya mlaji badala ya kumalizikia ndani ya beseni.

Sasa nirudi kwetu. Wilaya ya Hai, ambayo ndege zinatua ndani yake, ndiyo yenye Lyamungu, makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa. Bodi ya Kahawa iko Moshi na mnada wa kahawa umekuwa ukifanyika hapo kwa miaka mingi. Chama cha ushirika cha KNCU kimekuwepo tangu mwaka 1933. Vijana wanauza kahawa chungu pembeni ya stendi ya Moshi kwa birika la shaba lililokalia makaa, pamoja na kashata, kwa bei ambayo mtoto wa shule anaimudu. Kiwanja kilichozungukwa na vitu hivyo hakina haja ya mashine ya kuletwa kutoka nje inayosubiri fundi wa kutoka nje. Mtu mmoja mwenye birika, kinu kidogo na buni iliyokaangwa wiki hiyo angetosha, na mgeni wangu wa Kiholanzi angeondoka akiwa amekunywa jambo ambalo atalisimulia.

Swali langu kwako, dada: ukipewa wewe zabuni hiyo, bila kuongezewa hata senti, ungeweka nini kwenye beseni?

Mchangiaji, Moshi (mama wa upishi)

Mtori. Nisingefikiria mara mbili.

Mtori ni chakula pekee ninachokijua ambacho kinakuwa kizuri zaidi kadiri kinavyokaa. Unachemsha nyama yenye mifupa hadi ijiachie, unaweka ndizi mshale na kitunguu, zikiiva unaponda kwa mwiko hadi ilainike, unarudisha nyama. Ukikaa juu ya moto mdogo unazidi kuwa mzito, na hilo lina dawa rahisi: unaweka pembeni sufuria ya supu ya mifupa, na kila baada ya dakika 40 mhudumu anaongeza upawa mmoja na kukoroga. Ndege ikichelewa saa nne, mtori hauna habari. Hauna ngano, hauna pilipili, mzee asiye na meno anaula, mtoto anaula, na asiyekula nyama unampikia sufuria ndogo ya nazi na karoti. Gharama ya ndizi mnaijua wote mnaopita Mwika.

Kando yake ningeweka maharage ya nazi na wali, maana vyote viwili vinavumilia, parachichi linalokatwa mtu anapoliomba na si kabla, ndizi mbivu ndogo, na chai ya maziwa yenye tangawizi ndani ya chupa kubwa ya kutunzia joto. Sambusa ningeziacha hadi nipewe jiko. Juisi ya boksi ningeifuta kabisa na kuweka maji ya kawaida na ndimu zilizokatwa, kwa sababu juisi iliyoongezwa maji inamwambia mgeni kwamba unamhesabia matone.

Mchangiaji, Moshi (mfanyakazi wa benki)

Dada, chakula hicho hata mimi ningepitisha kadi yangu mwenyewe. Ila tatizo la mkataba linabaki palepale: anayetathmini zabuni anasoma orodha yenye majina ya kigeni na kuona hadhi, akisoma mtori anaona chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Njia ninayoiona ni moja, kwamba mashirika ya ndege yadai katika mkataba chakula kionjwe na mtu wao baada ya saa mbili za kukaa kwenye beseni, si siku ya maonyesho ambapo kila kitu kimetoka jikoni. Kipengele hicho hakina gharama kubwa.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Narudi kukiri kwamba mada ni nzito kuliko nilivyodhani. Hata hivyo bado nashauri mtoa mada ale kabla ya kuingia kiwanjani.

Mtoa mada, Arusha

Ushauri umepokelewa mkuu, na hoja ya kuonja baada ya saa mbili nitaipeleka kwa mawakala wa mashirika mawili nitakaokutana nao kwenye maonesho ya Karibu-Kilifair mwezi Juni, kwa kuwa hao ndio wanaosikilizwa na walipaji. Dada, Machi ijayo nitasafiri tena. Ningefurahi kuonja huo mtori wako kabla sijazikabili tambi.

Mchangiaji, Moshi (mama wa upishi)

Kaka, nitakutumia kwa kijana wa bodaboda hadi njia panda ya KIA, kwenye hotpoti, na kijiko ndani yake. Lakini uule hapohapo ndani ya gari yako hadi uishe. Tangu ile sheria ya vimiminika ya mwaka 2006, kinachozidi mililita 100 hakipiti, na yule kijana wa ukaguzi akifunua hotpoti akakuta mtori, atauhesabu kuwa kimiminika, ataumwaga, na hotpoti yangu sitaiona tena.